Povu katika Friji ya Kegi: Niliyojifunza Msimu wa Kaskazi Mombasa

Glasi ya kwanza niliyoimimina nyumbani kwangu Bamburi, Jumamosi moja ya mwezi Januari, ilijaa povu hadi ukingoni, na povu hilo lilipotulia baada ya dakika kadhaa nilikuta chini yake bia ya kina cha vidole viwili tu. Nilimimina ya pili, ikawa vivyo hivyo. Nilimimina ya tatu, ikawa mbaya zaidi. Jamaa zangu walikuwa wameshuka kutoka Voi na Wundanyi kwa ajili ya posa ya mdogo wangu wa kike, wamekaa barazani wakisubiri, nami nilikuwa nimesimama jikoni na jagi mbili zilizojaa povu jeupe.

Jambo hilo liliniuma kwa sababu nilijihesabu kuwa mjuzi. Nilifanya kazi ya baa katika hoteli ya ufukweni kwa miaka mingi, na nimemimina bia ya bomba mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini kule hotelini kegi, yaani mapipa ya chuma ya bia, zilikaa katika chumba cha baridi, mipira ya kupitishia bia ilipita katika fungu moja na mabomba ya maji baridi hadi kaunta, na mafundi walikuja kuisafisha na kuipima bila mimi kuwauliza walichokuwa wakifanya. Kazi yangu ilikuwa kuvuta mkono wa koki na kuinamisha glasi. Hoteli moja ilipouza vifaa vyake vya zamani, nilinunua friji ndogo ya kegi moja, yenye mnara wa koki juu yake na mtungi wa gesi pembeni, kwa matumizi ya nyumbani na si kwa biashara, kwa kuwa kuuza pombe ni jambo la leseni. Nilidhani nimenunua kitu ninachokijua.

Kosa langu la kwanza ndilo ambalo nimeona wengine wakilifanya pia. Nilipoona povu, nilifikiri kwamba gesi inaisukuma bia kwa nguvu kupita kiasi, kwa hiyo nikaishika rejuleta, kile kifaa cha kudhibiti presha ya gesi, na kupunguza presha. Shemeji yangu wa Nairobi, ambaye ana friji kama hii, alikuwa ameniambia niweke pauni 14 kwa inchi ya mraba. Niliteremsha hadi 10, kisha hadi 6. Jioni ile bia ilitoka pole pole na povu likaonekana kupungua kidogo, nikalala nikiwa na matumaini. Asubuhi ya pili, nilipofungua koki, bia ilitoka kwa kukohoa: tone, pumzi ya gesi, povu, kisha tone tena. Nilipofungua mlango wa friji na kuutazama mpira wa bia, niliona vipande virefu vya mapovu vimejipanga ndani yake kama ushanga.

Sikuelewa wakati ule kwamba nilikuwa nimeifungulia gesi mlango wa kutokea. Lita moja ya bia ya kawaida ya laga hubeba takriban lita mbili na nusu za gesi ya kaboni dayoksaidi, iliyoyeyuka ndani yake kama sukari inavyoyeyuka katika chai, isipokuwa sukari hupenda joto ilhali gesi hupenda baridi. Kinachoizuia gesi hiyo isitoke ni mambo mawili yanayofanya kazi pamoja: ubaridi wa bia yenyewe na presha iliyo juu yake. Mkemia Mwingereza William Henry alieleza mwaka 1803 kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kioevu hulingana na presha ya gesi ile ile juu ya kioevu hicho, na mtu yeyote anayepunguza presha ya kegi huku bia ikiwa na joto anaikumbuka kanuni hiyo kwa gharama yake. Bia yenye nyuzi 3 za Selsiasi huhitaji takriban pauni 11 ili kuishika gesi hiyo ya lita mbili na nusu. Bia hiyo hiyo ikiwa na nyuzi 10 huhitaji zaidi ya pauni 17. Mimi nilikuwa nimeiwekea 6.

Hapa pwani tumezoea povu la aina nyingine, na nadhani mazoea hayo yalichangia kunipotosha. Tembo la mnazi linapoteremshwa na mgema asubuhi, linafurika mtungini kwa sababu linaendelea kuchacha. Hamira yake inazalisha gesi mpya kila dakika, na hakuna awezaye kuituliza isipokuwa kuliacha wazi lipumue. Bia ya kegi iliyochujwa kiwandani haizalishi gesi mpya. Gesi iliyomo ndiyo iliyotiwa, na ikitoka kama povu ni kwa sababu mahali fulani kati ya kegi na glasi imepata joto, au imepoteza presha, au imetikiswa. Kwa hiyo dawa ya tembo, yaani kuliacha lipumue, si dawa ya bia ya kegi, ila katika hali moja nitakayoieleza.

Aliyenitoa gizani ni fundi wa friji wa Kisauni, mzee wa Kiislamu ambaye hajawahi kuonja bia maishani mwake. Nilisita kumwita kwa sababu hiyo, nikamweleza waziwazi kwa simu ni friji ya namna gani, ili akitaka kukataa akatae bila kunionea haya.

"Friji ni friji, mwanangu," alinijibu. "Mimi nitashughulika na baridi. Kilichomo ndani ni chako."

Alipofika, hakuigusa rejuleta wala koki. Aliniomba glasi mbili za maji. Moja aliiweka sakafuni mwa friji, nyingine juu ya kegi, akaniagiza nisiufungue mlango hadi atakaporudi kesho yake. Nilimwonyesha kwamba kioo cha themostati, kidhibiti baridi cha friji, kilikuwa kikionyesha nyuzi 3.

"Hiyo inapima hewa iliyo mbele ya pua yake," alisema. "Wewe hunywi hewa."

Kesho yake alitumbukiza kipimajoto katika glasi ya chini, kikasoma nyuzi 4. Katika glasi ya juu kilisoma 9. Kisha akaniomba nimimine bia kidogo kutoka koki, akakitumbukiza humo bila kusita, nacho kikasoma 13. Alivua miwani na kuniuliza kama ninaona. Niliona. Kitambuzi cha themostati kilikuwa kimefungwa karibu kabisa na bamba la baridi chini ya friji, kwa hiyo kompresa ilizimika mara sehemu ile ilipopoa, wakati hewa ya joto ilikuwa imejikusanya juu, mahali ulipolala mpira wa bia. Na mpira huo ulipopanda ndani ya mnara ulikuwa nje ya friji kabisa, katika jiko ambalo mchana wa kaskazi hufika nyuzi 31 au 32.

Alitatua la kwanza kwa feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, ambayo aliifunga sakafuni mwa friji ikitazama juu, na akakisogeza kitambuzi cha themostati hadi ubavuni mwa kegi, akakifunika kwa kipande cha sponji ili kipime kegi badala ya hewa. Baada ya siku moja glasi mbili za maji zilitofautiana kwa chini ya nyuzi moja. La pili, la mnara, lilihitaji kazi zaidi. Tuliukuta mnara ukiwa mtupu ndani, chuma kitupu na mpira katikati yake. Tulizungushia ukuta wake wa ndani sponji nene ile inayofungwa kwenye mabomba ya viyoyozi, kisha tukaupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye feni hadi karibu na koki, ili hewa baridi ipande pamoja na bia na kurudi chini yenyewe. Unyevu wa Mombasa ulionyesha mara moja kwamba kazi imefanikiwa, kwa maana mnara ulianza kutoa jasho kwa nje pale kwenye koki, mahali pasipo na sponji. Tangu wakati huo huwa naufuta kwa kitambaa kila jioni, kwani jasho hilo pamoja na hewa ya chumvi ya bahari huila chuma.

Ninautaja mnara kwa kirefu kwa sababu kuna dalili inayoutambulisha, na ningeijua mapema ningeokoa bia nyingi. Glasi ya kwanza ikiwa povu na zinazofuata mara moja zikiwa nzuri, basi kegi haina neno. Ni ile bia kidogo iliyokaa ndani ya mnara wa moto ndiyo iliyoachia gesi, nayo ikishatoka, bia inayofuata imeupoza mpira. Glasi zote zikiwa povu, sababu iko nyuma zaidi ya mnara: katika joto la kegi yenyewe, katika presha, au katika mpira. Na bia ikitoka kwa kukohoa, ndani ya mpira kuna gesi ambayo haikupaswa kuwamo.

Baada ya fundi kuondoka nilirudisha presha hadi pauni 14 kama alivyoniagiza shemeji, na kwa siku nne tulikunywa bia nzuri. Siku ya tano povu lilianza kurudi. Siku ya saba lilikuwa karibu na lile la mwanzo. Nilimpigia fundi, akaja, akapima, na baridi ilikuwa pale pale alipoiacha. Aliniambia kwa upole kwamba kazi yake imekwisha na kwamba kilichobaki ni gesi, jambo asilolijua.

Nilikaa siku mbili nikilifikiria hilo kabla ya kupata jibu, na jibu lilikuwa katika tofauti ya mji wangu na wa shemeji. Saa ya rejuleta, yaani kipimo chake cha presha, haipimi presha yote. Hupima tu ziada iliyo juu ya presha ya hewa ya mahali ilipo. Nairobi iko karibu mita 1,700 au zaidi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya kwetu, kwa hiyo mtu wa Nairobi anapaswa kuongeza takriban pauni 3 kwenye saa ili bia yake iwe na gesi sawa na ya mtu wa pwani. Pauni zake 14 ndizo pauni zangu 11. Shemeji hakuniambia uongo. Aliniambia ukweli wa mahali pake. Wakati friji yangu ilipokuwa na joto, kosa hilo halikuonekana, kwa kuwa bia ya nyuzi 9 haiwezi kubeba gesi nyingi hata ukiisukuma kwa pauni 14. Ilipopoa hadi nyuzi 3, ikaanza kuinywa gesi hiyo pole pole, siku baada ya siku, mpaka ikazidi kiasi chake.

Hii ndiyo hali moja niliyosema inaponywa kwa kupumua. Nilifunga gesi kabisa, nikafungua vali ya usalama iliyo kwenye kapla, kile kiungio kinachofungwa juu ya kegi, hadi presha yote ya juu ikatoka, nikaifunga, nikasubiri saa kadhaa bia iachie gesi nyingine katika nafasi ile, kisha nikarudia. Nilifanya hivyo mara sita kwa siku mbili, na madirisha ya jiko nikayaacha wazi, maana gesi hii ikijaa katika chumba kilichofungwa humnyima mtu pumzi. Baada ya hapo niliweka pauni 11, na sijaigusa rejuleta tangu siku ile.

Hata hivyo bia iliendelea kutoka kwa kasi nisiyoipenda. Nilichukua saa na glasi ya nusu lita, nikaona inajaa kwa sekunde nne, ilhali mwendo mzuri wa bia ya koki ni takriban mililita 60 kwa sekunde, yaani sekunde nane hivi kwa glasi hiyo. Friji ilikuja na mpira wa mita moja na nusu tu. Watu wengi hudhani mpira ni njia ya kupitishia tu, na mimi nilikuwa mmoja wao, lakini mpira ndio breki. Bia inapoondoka kwenye kegi ina pauni 11 mgongoni mwake. Ikifika kwenye koki inapaswa kuwa imezimaliza karibu zote kwa kujisugua na kuta za mpira, ili itoke kwa utulivu. Mpira ukiwa mfupi, presha hiyo yote humalizika ghafla mdomoni mwa koki, na gesi huruka nje papo hapo. Nilinunua mjini mpira wa mita tatu na nusu, wa daraja la kupitishia vinywaji, wenye tundu la milimita tano, na nikauzungusha bapa juu ya kegi bila kuuacha uning'inie. Glasi ikachukua sekunde tisa. Nawashauri wanaofanya hivi waanze na mpira mrefu, kwa sababu mrefu hukatwa na mfupi haurefushwi. Waangalie pia upana wa tundu: mpira wa milimita sita unaonekana karibu sawa kwa macho, lakini breki yake ni ndogo kiasi kwamba ungehitaji urefu zaidi ya mara mbili.

Wakati wa kubadilisha mpira nilikuta oringi ya kapla, kile kipete cha mpira cha kuzuia kuvuja, imepasuka. Ufa huo ulikuwa ukiingiza gesi kidogo katika njia ya bia, na nadhani ndio uliosababisha baadhi ya kukohoa kule kwa mwanzo. Oringi ni ya bei ndogo kuliko bia yoyote. Nimebadilisha zote na huzipaka mafuta maalumu ya vyombo vya chakula. Koki nayo niliifungua yote, nikakuta ndani utando wa kahawia unaoteleza. Utando wa namna hiyo hufanya kuta ziwe na mikwaruzo midogo ambayo gesi huishikilia kutengeneza mapovu, achilia mbali ladha yake. Kwa joto letu siwezi kungoja mwezi. Kila wiki mbili napitisha dawa ya kusafishia mipira ya bia, nikivaa glavu, kisha maji safi mengi hadi yatoke bila utelezi.

Kuna jambo ambalo sijaona likielezwa kwa watu wa mji huu, nalo ni maji. Nyumba nyingi hapa, pamoja na yangu, hutumia maji ya kisima yenye chumvi kwa kuoshea vyombo, na maji matamu ya kununua huhifadhiwa kwa kunywa na kupikia. Glasi iliyooshwa kwa maji ya chumvi na kukaushwa kwa hewa hubaki na vumbi jembamba la chumvi na chokaa ambalo jicho halilioni vizuri. Bia ikimiminwa humo, kila chembe inakuwa mahali pa kuzaliwa kwa mapovu. Nililigundua siku nilipomimina glasi mbili kwa mfuatano, moja iliyosuuzwa kwa maji matamu na nyingine ya kabatini: ya kwanza ilikuwa na kichwa cha vidole viwili, ya pili ilifurika, na mapovu yakang'ang'ania kuta zake kama maji ya soda. Sasa naweka jagi moja la maji matamu ndani ya friji na kuisuuza kila glasi kabla tu ya kumimina. Jagi moja linatosha jioni nzima.

Kuhusu kumimina kwenyewe sina mengi, kwa kuwa hotelini walinifundisha vizuri: koki hufunguliwa yote kwa mkupuo mmoja, kamwe si nusu, kwa kuwa tundu lililofunguliwa nusu huichana bia, glasi huinamishwa, na mdomo wa koki hauzamishwi ndani ya bia. Niliwakuta wageni wangu wakiifungua koki kidogo kidogo kwa kuogopa povu, wakiliongeza kwa hofu hiyo hiyo.

Kegi yangu husafirishwa kwa tuktuk, na barabara ya kuingia kwetu ina mashimo. Mwanzoni nilikuwa nikiiunganisha mara tu inapofika. Sasa inalala ndani ya friji saa 24 kwa uchache, na ikiwa ililetwa mchana wa jua kali naipa saa 36, kwa sababu lita 30 zilizopata joto barabarani hazipoi kwa saa chache hata kama hewa ya friji inasoma nyuzi 2. Umeme ukikatika siufungui mlango, na ukirudi sitazami themostati bali naweka kipimajoto katika ile glasi ya maji iliyo juu ya kegi, ambayo sijaiondoa tangu fundi alipoiweka. Kama inasoma zaidi ya nyuzi 5, bia ya siku hiyo inangoja.

Jambo moja la mtungi wa gesi lilinisumbua bure, nalitaja ili mwingine asihangaike. Nilipouhamishia ndani ya friji, saa yake ya presha kubwa ilishuka sana kwa usiku mmoja, nikaamini unavuja, nikapaka sabuni ya maji kwenye viungio vyote bila kuona pumzi. Mtungi haukuvuja. Gesi hii hukaa humo kama kioevu, na presha yake hufuata joto la mahali, si kiasi kilichobaki. Kiasi hujulikana kwa mizani. Niliurudisha nje, nikausimamisha wima na kuufunga kwa mnyororo ukutani.

Mdogo wangu aliolewa mwezi wa Agosti, upepo wa kusi ukiwa bado unavuma na jiko likiwa na nyuzi 26. Kegi ya harusi niliipima kwa jagi tangu mwanzo hadi mwisho, na katika lita 30 nilimwaga chini ya lita moja. Januari, katika kegi ya posa, nilikuwa nimemwaga lita 9. Glasi ya kwanza ya jioni bado hunipa povu kidogo zaidi ya nyingine, hasa mchana ukiwa wa jua, kwa hiyo naimimina katika kikombe kidogo na kuiacha kando itulie wakati ninajaza ya mgeni wa kwanza.